Kivuli Kinaelekea Wapi?

Djamila anafundisha mwaka wa kwanza katika shule moja ya msingi mjini Kasongo. Asubuhi anachemsha chai na kupasha moto mihogo iliyobaki jana. Kisha anamvalisha binti yake Chadia shati jeupe na sketi ya buluu, wanatoka pamoja. Njia yao ni moja na darasa lao ni moja, maana Chadia ni mwanafunzi wa mama yake.

Zamani walikuwa watatu njiani. Kassimu, mume wa Djamila, aliwasindikiza kila siku kabla ya kwenda sokoni kuuza vitambaa. Njia ni fupi, lakini ilichukua muda mrefu. Chadia aliuliza juu ya kila kitu, na Kassimu alisimama kila mahali.

"Baba, siafu wanaenda wapi?"

"Sijui. Tuwafuate kidogo, tuone."

Baba na mtoto walichuchumaa kando ya njia. Djamila alikuwa akiwaita kwa hasira: "Mutanichelewesha!"

Kisha biashara ya vitambaa ililala. Kassimu alifunga mzigo wake kwenye pikipiki, akaenda Salamabila, ambako wachimbaji wa dhahabu wananunua nguo. Alisema atarudi mvua zikikatika. Mvua zilikatika, zikaanza tena. Barabara ya Kabambare, inayokwenda huko, ikawa matope. Kassimu alipiga simu pale mtandao ulipokubali, na mara nyingi haukukubali.

Sasa hakukuwa na mtu wa kuwachelewesha. Djamila na Chadia walifika shuleni mapema kila siku. Na kila siku Djamila alitamani kuchelewa.

Siku moja somo lilikuwa juu ya kivuli. Djamila aliandika ubaoni: *Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa.* Watoto walirudia kwa sauti kubwa. Chadia akainua mkono.

"Madame, asubuhi kivuli yangu ilikuwa murefu. Sasa iko mufupi. Kwa nini?"

Djamila hakujua jibu. Aliogopa watoto wataona kwamba hajui.

"Chadia, usivuruge somo. Sema kama wenzako."

Chadia alishusha mkono. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, shuleni wala nyumbani. Alikula, alilala, aliitika akiitwa. Hakuwa mgonjwa. Lakini Djamila alimwona darasani akitazama nje, upande wa barabara ya Kabambare, na moyo wake ulimuuma.

Baada ya muda alikuja Mama Ernestine, inspekta wa shule. Aliketi nyuma darasani. Djamila aliwauliza watoto, "Kivuli ni nini?" Wote walijibu kwa pamoja bila kukosea hata neno moja. Djamila alifurahi.

Mama Ernestine akasimama. "Vizuri sana. Nani atanionyesha kivuli?"

Mtoto mmoja, Pacifique, alikimbia mpaka ubaoni. Aliweka kidole juu ya neno *kivuli*.

"Iko hapa!"

Mama Ernestine hakucheka. Alimshukuru, akarudi kuketi. Djamila alijisikia kama ameteleza mbele ya watu.

Watoto walipokwenda nyumbani, wanawake hao wawili walibaki darasani.

"Mama Inspekta, mimi nafuata programu ya masomo," alisema Djamila. "Nilifundisha kila neno."

"Maneno umefundisha. Lakini programu inataka nini kwa mutoto wa umri huu? Inataka aangalie kitu chenyewe. Aulize. Afikiri ni nini kitatokea, kisha ajaribu. Halafu aseme alichoona kwa maneno yake. Maneno ya ubaoni yanakuja mwisho."

"Lakini vifaa hatuna. Watoto ni wengi, kitabu ni kimoja."

"Kwa kivuli unahitaji kifaa gani?" aliuliza Mama Ernestine. "Jua iko nje. Watoto wana miili yao. Chukua vijiti, uwatoe uwanjani. Jambo moja tu uwakataze: wasiangalie jua kwa macho, litawaharibu."

"Na wakikosea?"

"Usiwakatize. Uliza, 'Umejuaje?' Kisha waangalie tena. Mutoto akigundua mwenyewe kwamba amekosea, hatasahau."

Djamila alianza kufuta ubao. Kisha akauliza jambo lililomsumbua zaidi.

"Na wakiniuliza kitu ambacho sijui?"

"Sema, 'Sijui. Tuangalie pamoja.'"

Djamila aliinamisha kichwa. Alisikia sauti ya Kassimu kando ya njia, siku zile za siafu. Alifahamu kitu ambacho binti yake alikuwa akikikosa. Chadia alikuwa akimkosa baba, ndiyo. Lakini alikuwa akimkosa pia mtu wa kuchuchumaa naye na kuangalia.

Asubuhi iliyofuata Djamila aliwatoa watoto uwanjani.

"Leo hatusomi?" aliuliza Pacifique.

"Leo tunasoma vivuli. Musiangalie jua, mumesikia? Muangalie chini tu."

Watoto walisimama wawili wawili. Mmoja alitulia, mwingine alichora kwa kijiti alama ya miguu ya mwenzake na kivuli chake juu ya udongo, kisha wakabadilishana. Vivuli vilikuwa virefu.

"Sasa mufikiri," alisema Djamila. "Tukirudi hapa wakati wa mapumziko, kivuli kitakuwa wapi?"

"Pale pale!" alisema Pacifique. "Nimeichora, itaenda wapi?"

Wengine walisema kitakuwa kikubwa zaidi. Chadia hakusema neno. Djamila hakumlazimisha.

Wakati wa mapumziko kila mtoto alirudi kwenye alama za miguu yake. Kelele zikaanza. Kivuli cha Pacifique kilikuwa kimetoka nje ya mchoro, tena kimekuwa kifupi.

"Madame! Nani ameihamisha?"

"Sijui," alisema Djamila. Neno hilo lilikuwa zito kinywani, kisha likawa jepesi. "Tuangalie pamoja. Ni kitu gani kingine kimehama?"

Watoto walitazamana. Ndipo sauti ndogo ikasikika nyuma.

"Ni jua," alisema Chadia. "Asubuhi lilikuwa chini, upande ule. Sasa limepanda."

Djamila alitaka kumkumbatia. Badala yake akauliza, "Umejuaje?"

"Asubuhi lilinipiga shavuni. Sasa linanipiga kichwani."

Djamila aliwarudisha darasani. Alisimamisha chaki juu ya meza, akawasha taa ya simu yake na kumpa Chadia. Taa ilipokuwa chini, kivuli cha chaki kilikuwa kirefu. Chadia alipoinua mkono, kikawa kifupi. Watoto walipiga makofi, na kila mmoja alitaka zamu yake. Baada ya hapo tu ndipo Djamila aliandika ubaoni. Alitumia maneno yao wenyewe: *Jua likiwa chini, kivuli ni kirefu. Jua likipanda, kivuli ni kifupi.*

Siyo kila mtu alifurahi. Rachelle, mama yake Pacifique, alikuja shuleni.

"Madame, mutoto wangu anarudi na udongo mpaka magotini. Nilimutuma kusoma ao kucheza?"

"Mama Pacifique, muulize yeye anachojua," alisema Djamila.

Rachelle alimgeukia mwanawe. Pacifique alifikiri.

"Mama, mihogo yetu haikauki vizuri. Unaianika upande wa jua la asubuhi. Mchana nyumba inaifunika na kivuli. Tuihamishe mbele, kule kivuli haifiki."

Rachelle alirudi nyumbani na mwanawe. Akahamisha mihogo. Ilikauka vizuri, myeupe, bila ukungu. Alipokutana na Djamila sokoni alisema tu, "Endelea na udongo wako, Madame."

Chadia alianza tena kuuliza. Aliuliza akila, akioga, akisukwa nywele. Djamila alijibu aliyoyajua, na mengine waliangalia pamoja.

Jioni moja, jua likiwa bado linawaka, simu ililia. Alikuwa Kassimu. Chadia aliikimbilia.

"Baba, uko nje? Simama juani. Usiangalie jua! Kivuli yako inaelekea wapi?"

Kassimu alicheka, kisha akatazama chini. "Inaelekea kule jua linakotoka asubuhi."

"Na yangu! Mama, Salamabila iko upande gani?"

"Upande ule ule," alisema Djamila. "Jua linakotoka."

Chadia alitazama kivuli chake kirefu juu ya udongo. Alifikiri kwa muda.

"Baba, yangu inakuja kwako. Lakini yako inatukimbia."

Chadia alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Kesho asubuhi uangalie tena," alisema Chadia. "Nafikiri itageuka."

"Itageuka wapi?"

"Kwetu."

Asubuhi simu ililia wakiwa njiani kwenda shule. Djamila aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Chadia, nimesimama nje," alisema Kassimu. "Umesema kweli, mama yangu. Kivuli yangu inaelekea Kasongo."

Djamila alisogeza simu karibu na mdomo.

"Na wewe mwenyewe?"

Kassimu akasema, "Barabara ikikauka, nakuja."

Djamila aliyajua maneno hayo. Alikata simu, akairudisha mkobani, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Chadia alimvuta mkono.

"Mama, barabara inakauka namna gani? Maji yake yanaenda wapi?"

Djamila alimtazama.

"Sijui," alisema. "Leo tutajaribu."

Siku hiyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwaga maji mahali pawili uwanjani. Walitengeneza tope moja juani na lingine kivulini. Kila mmoja alisema ni lipi litakauka kwanza, kisha wengine wakaenda kucheza. Chadia alichuchumaa kando ya tope la juani, mama yake karibu naye, wakaliangalia likikauka polepole kutoka pembeni.