Posa Iliyotangulia Leseni

"Na mimi nasema gari halitoki!" Mama Suzana alijifunga kanga yake kiunoni upya, ishara kwamba leo hatanii. "Mpangaji wangu amelipa kodi. Gari lake lilale anapotaka!"

"Lilale mlangoni kwangu?" Brigita alimjibu kutoka upande wa pili wa pikapu, iliyosheheni magunia ya mahindi mpaka springi zimelala. "Mama Suzana, mimi nipitie dirishani na kiuno hiki?"

"Na hao wageni wako wa kila wiki, wao wanapitia wapi? Nyumba imekuwa stendi! Nani anajua wanatoka wapi?"

"Wanatoka tumboni kwa mama zao, kama wewe!"

Mtaa wote wa Mfaranyaki ulikuwa umeshakusanyika, wengine na miswaki mdomoni, wamejikunyata ndani ya masweta kwa baridi ya Juni. Hakuna aliyekuja kuamua ugomvi. Ugomvi mzuri hauamuliwi mapema.

Mama Suzana aliuliza tu ili aulize. Kila mtu mtaani alijua wageni wa Brigita wanatoka wapi. Walikuwa wanawake waliokimbia vipigo, wengi wakiwa na nguo walizovaa na mtoto mgongoni, basi. Brigita, mjane mwenye mwili na sauti, aliwalaza, akawalisha, kisha akaanza nao safari ya makaratasi. Wanaume wale wana mchezo mmoja: kabla hawajakuvunja mkono, wanakunyang'anya kitambulisho. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hupokei hela benki, hupati kazi ya maana. Unarudi mwenyewe kwa aliyekupiga. Kwa hiyo Brigita aliwapeleka dawati la jinsia polisi wakatoe maelezo na kupata ripoti ya upotevu, serikali ya mtaa kwa barua, NIDA kwa kitambulisho. Na kwa nadra sana, akipatikana mwanamke dereva, ofisi ya leseni.

Dereva alikuwa amepatikana. Aliitwa Skolastika, na asubuhi hiyo ndiyo alikuwa anasubiriwa huko ofisini, na pikapu imeziba mlango.

Alitoka ndani akiwa na jinzi, sweta la njano na kilemba cha kitenge. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakulificha. Alichungulia dirishani mwa pikapu, akaona ufunguo unaning'inia, akapanda.

"We dada! Hilo si gari lako!" Mama Suzana alipiga kelele.

Injini ikanguruma. Kichochoro kile kina ukuta kushoto na mtaro kulia, hata pikipiki hukipita kwa adabu. Skolastika alitoa kichwa nje, akarudi kinyumenyume na mzigo wote ule, taratibu, mkono mmoja kwenye usukani, mpaka barabarani. Hakugusa ukuta wala mtaro. Mtaa ukapiga vigelegele, na Mama Suzana, kwa kujisahau, akapiga chake.

Fulgence, yule mpangaji wa Mama Suzana, akaja mbio kutoka mashine ya kusaga, shati lake la drafti limejaa unga.

"Nani anaendesha gari langu?"

"Mimi," Skolastika alisema akishuka. "Na breki zako zinalia. Zitazame kabla hazijakuua."

Fulgence alimtazama yeye, akalitazama gari, akamtazama yeye tena. "Dada, hapo mimi mwenyewe huwa nashuka kwanza nasali. Nionyeshe leseni yako niamini."

Alitania. Lakini uso wa Skolastika ulijifunga kama duka.

"Ndiyo naifuata," alisema, akamshika Brigita mkono, wakaondoka.

Jioni ile ile Fulgence alimwendea Brigita barazani na debe la mahindi na radhi zake zote. Aliomba namba ya simu. Akanyimwa. Akarudi kesho yake. Akanyimwa tena, akapewa chai. Alipokuja mara nyingine, Skolastika mwenyewe alitoka akasema, "Mama Brigita, mpe tu. Mahindi ya huyu yatatujazia nyumba."

Simu zikaanza.

"Dereva wangu, umekula?"

"Nimekula. Breki umetengeneza?"

"Nimetengeneza. Sasa utapanda?"

"Nipande niende wapi?"

"Popote. Hata kwenye mzani wa mahindi, nijue uzito wa mpenzi wangu."

"We Fulgence! Mpenzi wako nani?"

"Huyo anayecheka."

Fulgence alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mfanyabiashara mdogo wa mahindi, mcheshi, mwenye meno meupe na heshima ya kulelewa na babu. Skolastika alikuwa Mngoni wa Mpitimbi. Kidogo kidogo alimsimulia. Mwanaume aliyemkimbia aliitwa Kajetani. Hawakufunga ndoa, alitoa kishika uchumba tu, wakahamia pamoja. Yeye akiendesha malori na kuleta hela nyumbani, Kajetani akaanza kuuliza amepanda na nani. Siku moja alikichoma kitambulisho cha Skolastika jikoni mbele ya macho yake.

"Harufu ya plastiki ile siisahau," Skolastika alisema simuni. "Akaniambia leseni ameshaichoma zamani. Akasema, sasa endesha mwiko."

Fulgence akauliza, "Na leseni mpya wamesema lini?"

"Kitambulisho nimeshapata. Leseni wamesema Jumatatu."

Na Jumatatu hiyo ilikuwa kila kitu. Salum, mwenye malori pale Majengo, alikuwa na Fuso lililokosa dereva. "Dada, mikono yako naijua," alikuwa amemwambia. "Lakini trafiki wa njiani hawaijui. Njoo na leseni Jumatatu, ufunguo ni wako. Usipokuja, namchukua mwingine, mahindi hayasubiri." Kazi hiyo ingempa Skolastika chumba chake, na kitanda chake kwa Brigita kingepata mwingine.

Sasa, Fulgence alipenda kweli, na akafanya kosa la mtu aliyelelewa vizuri. Kwao mwanaume anayependa kwa dhati hazungukizunguki vichochoroni. Anaingia kwa mlango. Bila kumwambia Skolastika, akitaka kumfurahisha, alimtuma mjomba wake Osmund aende Mpitimbi kupeleka posa. Mzee Osmund alivaa koti lake la harusi na kwenda. Na mshenga mwenye adabu haanzi maneno kabla hajaeleza binti ameonekana wapi na analala kwa nani, ili wazazi wajue si binti wa kuokotwa. Mzee Osmund ana adabu kupita kiasi.

"Binti yenu tumemwona Mfaranyaki," alisema mbele ya mama na kaka wa Skolastika. "Anakaa kwa mama mmoja mtu mzima, anaitwa Brigita, jirani na mashine ya kusaga."

Mama alishukuru Mungu. Alikuwa hajui mwanawe yuko wapi. Kaka yake, Sixbert, naye alishukuru, kisha akaenda kilabuni, kwa rafiki yake wa siku zote, Kajetani.

Ijumaa mchana pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Brigita. Skolastika alikuwa anaanua nguo. Aliijua sauti ya pikipiki ile kabla hajamwona mtu, na nguo ikamdondoka.

"Mke wangu," Kajetani alisema kwa upole. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jipya. Akachomoa kitu mfukoni, akakiinua juu. "Unaona? Sikuichoma. Leseni yako hii hapa. Nilisema tu kwa hasira. Panda twende nyumbani, unaipata."

Ilikuwa yenyewe. Picha yake ya zamani, mashavu yamejaa, macho hayajaogopa kitu. Ilikuwa pale, hatua chache tu, na Jumatatu ilikuwa mbali.

"Ilete," Skolastika alisema.

"Panda kwanza."

Akatazama pikipiki. Akamtazama aliyekaa juu yake. Akainama, akaiokota nguo iliyomdondoka.

"Basi kaa nayo," alisema, na sauti ilitoka safi mpaka yeye mwenyewe alishangaa. "Huyo kwenye picha aliondoka. Mimi nimeshaapa polisi, nimeshaeleza ulichonifanya, na leseni yangu naipata ofisini bila kupanda pikipiki ya mtu."

Kajetani alishuka. Upole ulikuwa umeisha. Lakini kabla hajavuka mtaro, alikuta mwanamke amesimama mbele yake na mwiko wa ugali mkononi. Hakuwa Brigita, Brigita alikuwa ndani anapiga simu dawati la jinsia. Alikuwa Mama Suzana.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nimefuata mke wangu."

"Mahari ulilipa kwa nani? Jamani tokeni! Njooni mumwone mwanaume anayeiba vitambulisho!"

Mtaa ukatoka. Mfaranyaki ikitoka, imetoka: wa saluni na rola zao, wa mashine na unga wao, wa bodaboda na honi zao. Kajetani alizungushiwa kicheko, maswali na simu za kumpiga picha mpaka gari la polisi likafika, na leseni ikatolewa mfukoni mwake na askari wa kike ambaye hakucheka hata kidogo, akaipeleka kituoni kuwa ushahidi, na Kajetani nyuma ya gari.

"Mama Suzana," Brigita alisema baadaye, "si ulisema nyumba yangu stendi?"

"Stendi ndiyo. Lakini ni stendi yetu."

Swali likabaki moja: Kajetani ameijuaje nyumba hii? Skolastika alimpigia kaka yake, na Sixbert, mlevi na mkweli, akasema yote. "Si mchumba wako mwenyewe ametuma mshenga? Shemeji Fulgence. Mzee alitueleza mpaka mashine ya kusaga."

Fulgence alifika anahema, amesikia habari njiani. Alimkuta barazani.

"Skola wangu, uko salama?"

"Usiniite wako." Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. "Ulimtuma mtu kwetu?"

"Nilimtuma mjomba. Kwa heshima, Skola. Nilitaka—"

"Ulitaka. Kajetani naye alitaka. Nyote mnapanga nikae wapi, niende na nani, halafu mimi naletewa taarifa. Humu ndani wamelala wanawake wengine, Fulgence. Wana watoto. Mjomba wako amewatangaza wote."

Fulgence aliutazama mlango wa nyumba, akainamisha kichwa.

"Nimekosa," alisema.

"Nenda."

Alikwenda. Simu zake hazikupokelewa, ujumbe wake haukujibiwa. Usiku ule Brigita aliwahamishia wanawake wawili kwa rafiki yake, na Skolastika alibeba mabegi yao mwenyewe.

Jumatatu alitoka ofisini na leseni mkononi, bado ina ule mng'ao wa kitu kipya.

"Picha imenitoa na pua kubwa," alilalamika.

"Pua ni yako, mama," Brigita alisema, akifuta machozi kwa pindo la kitenge. "Twende Majengo kabla Salum hajachukua mwingine."

Salum aliitazama leseni, akaigeuza, akamtupia ufunguo. Mchana Skolastika alikuwa juu ya Fuso.

Wiki ilikuwa bado haijaisha simu ikaita. Namba ngeni.

"Skola mwanangu?"

"Mama! Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeazima simu. Mwanangu, kuna kijana alikuja hapa peke yake, bila mshenga. Anaitwa Fulgence. Alipiga magoti mbele ya kaka yako na mimi, akasema anairudisha posa. Nikasema kumbe mwanangu ana kasoro? Akasema, kasoro ni yangu mama, nilikuja kabla sijamuuliza mwenyewe. Nimezeeka, watu nimewaona wakija kuomba. Wa kuja kuomba radhi kwamba aliomba, sijamwona."

Skolastika alikaa kwenye ngazi ya lori.

"Halafu nikamuuliza, kwa nini mwanangu amejificha? Kajetani alituambia umetoroka na mwanaume. Kijana akasema, mama, hayo ni ya Skola kusimulia, si yangu. Haya, nisimulie."

Alisimulia. Vocha ya mwenye simu iliisha, akapiga yeye, akasimulia mpaka mwisho. Mama alilia, akamtukana Kajetani kwa Kingoni, akamtukana Sixbert kwa lugha zote mbili.

Kisha Skolastika akapiga namba nyingine.

"Haloo?" Fulgence alijibu kama mtu aliyeshikwa anaiba.

"Ulikwenda Mpitimbi."

"Nilikwenda kufuta. Kama nimekosea tena, sema."

"Ulipiga magoti na suruali ipi?"

"Ile nyeupe."

"Mpumbavu wewe." Akacheka, akakasirika kwamba amecheka. "Nisikilize. Sijakusamehe yote."

"Nianzie wapi kwa yaliyobaki?"

"Unaanzia kwenye kuuliza. Kila kitu, uliza."

Fulgence akashusha sauti, "Skolastika, naweza kukupenda?"

"Hilo ulishaanza bila kibali, endelea. Jumamosi napeleka mbolea Mpitimbi. Ukitaka, panda. Ninaendesha mimi."

Jumamosi Fulgence alipanda, suruali imefuliwa, magoti bado yana wekundu wa udongo. Kila kona mguu wake ulitafuta breki isiyokuwepo.

"Unasali?" Skolastika alimuuliza.

"Nashukuru. Ni tofauti."

Baada ya kushusha mbolea, lori lilisimama mbele ya nyumba ya tofali za kuchoma. Sixbert alikuwa mlangoni. Aliinuka, akashindwa kumtazama dada yake usoni, akamgeukia mgeni.

"Shemeji... yaani, kaka. Mshenga uko naye wapi safari hii?"

Fulgence alimtazama Skolastika, akangoja.

"Safari hii hakuna mshenga," Skolastika alisema akishuka. "Nimemleta mimi. Na wewe, Sixbert, tutaongea."

Mama akatokea na kanga ya nyumbani, mikono ina unga. Alimkumbatia mwanawe mpaka kilemba kikaanguka. Akagusa lile kovu juu ya nyusi kwa kidole gumba. Kisha akamtazama kijana aliyesimama kando ya tairi.

"Huyu alikuja kurudisha," alisema. "Leo amekuja na nini?"

"Amekuja kwa sababu nimetaka aje, mama."

Mama alitikisa kichwa kukubali, pole pole, kama anayeonja chumvi.

"Basi na mimi nataka," alisema. "Sixbert, leta maji ya kunawa. Ingia ndani, baba, ugali nimeshausonga na dagaa wa Nyasa hao hapo. Ingia ule."