Mapigo ya Kitanda cha Sita

Skrini ya kitanda cha sita ilionyesha moyo unaodunda mara sabini na mbili kwa dakika, na kitandani hapakuwa na mtu.

Chiriku, fundi wa kompyuta aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliikodolea macho. Programu ya mashine ile aliiandika mwenyewe. Kesho yake mama yake angetoka kupasuliwa moyo na kulazwa hapohapo, maana vitanda vingine vilijaa.

"Inadunda hivi tangu yule mzee aliyelazwa hapa afariki Jumanne," muuguzi mkuu alinong'ona, miguu ikigoma kuvuka mlango. "Hayo yalikuwa mapigo yake. Mwanangu, hapa pana kitu."

"Mama, majini yameanza kusomea kompyuta lini?" Chiriku alijibu, lakini hakucheka.

Alikishuku kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani inayopokea mapigo kutoka kwenye kibanio cha kidoleni na kuyaandika kwenye kumbukumbu, ili programu ya skrini iyasome. Akaongeza mstari mmoja wa kukiamuru kiini kitaje kila kinachoandika. Kikataja sifuri, na papo hapo skrini nayo ikaonyesha sifuri. Akaufuta mstari. Tit, tit, tit: sabini na mbili. Akaurudisha, ikanyamaza, akaufuta, ikarudi, na safari hii ikaja na harufu ya dawa ya kuchua, ileile, muuguzi aliapa, aliyokuwa akipakwa marehemu. Ukiichungulia inajificha, ukigeuka inatoka. Chiriku aliogopa waziwazi.

Akampigia Babu Waya, fundi mstaafu aliyemfundisha kazi. Mzee alifika, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Haijifichi, mjukuu wangu. Kichakataji, ubongo wa kompyuta, ni kivivu. Hakiendi kwenye kumbukumbu kuu kila mara, kinajiwekea nakala karibu, kwenye kache. Kiini na programu umewapa ukurasa mmoja wa kumbukumbu kwa anwani mbili, basi kila mmoja ameshika nakala yake. Huyu anaandika sifuri, yule anasoma ya zamani. Mstari wako ulikuwa unaisukuma nje ile nakala ya zamani, basi."

"Ya zamani ya sekunde moja, sawa. Lakini tangu Jumanne, Babu? Leo Ijumaa!"

Babu Waya aliivuta kibodi. Aliandika amri ya kusafisha kache kabla ya kila usomaji, akafunga mkoba, akaondoka bila hata kunywa maji. Skrini ikabaki sifuri, harufu ikaisha, na muuguzi akaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Asubuhi mama aliletwa, bado amelewa dawa. Chiriku aliweka namba mbili bega kwa bega, ya kiini na ya skrini. Sabini na mbili. Sabini na mbili.

"Zinakubaliana!" alisema, machozi yakimlenga.

"Mwanangu," muuguzi alinong'ona. "Bado sijamvalisha." Kibanio kilikuwa mkononi mwake.

Chiriku aliudaka mkono wa mama yake, akabonyeza mshipa na kuhesabu akiitazama saa ya ukutani, akapata tisini na moja, akashusha pumzi, akahesabu tena kwa kuwa hakujiamini, akapata themanini, na huku harufu ya dawa ya kuchua ikipanda taratibu kutoka kwenye shuka safi akahesabu mara ya tatu, akapata sabini na mbili.

Mama akafumbua macho, akamtazama kama mgeni.

"Leo bado Jumanne?" akauliza.