Mama Hakusema Anaogopa

Kila siku baada ya masomo, Kasuku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia mlango wa nyuma wa hospitali, akafuata ujia wenye harufu ya sabuni hadi chumba cha kufulia, mahali mama yake alipofanya kazi. Huko alijitafutia kona kati ya marundo ya shuka safi, akafanya kazi zake za shule mpaka mama amalize zamu. Jina la Kasuku alipewa na bibi yake, kwa sababu kila neno la Kiingereza alilojifunza shuleni alikuja kulirudia nyumbani kutwa nzima, hata mbele ya kuku. Jina likamganda, na wafanyakazi wa chumba kile nao wakamwita mama yake Mama Kasuku.

Mama Kasuku aliendesha mashine ya kunyooshea shuka. Ilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili, na ilikuwa na rola mbili za moto. Shuka iliingia upande mmoja ikiwa mbichi, ikatoka upande wa pili imenyooka na kukauka. Mbele ya rola palikuwa na ubao wa kinga. Mkono wa mtu ukisogea karibu mno, uligusa ubao ule na mashine ikasimama papo hapo. Lakini siku za karibuni ubao ulikuwa umeanza ukaidi. Uliugusa, na rola zikaendelea kuzunguka kana kwamba hazijaambiwa kitu.

Mchana mmoja, meneja mpya aliingia kukagua. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka nchi nyingine, mpole wa sura lakini mwenye haraka, na Kiswahili alikuwa bado hajakijua. Karani aliyezoea kumtafsiria alikuwa likizo.

"Kasuku, njoo," mama aliita. "Mwambie meneja nina wasiwasi na mashine hii. Nataka iangaliwe."

Kasuku alisimama, akanyoosha sare yake. Asubuhi ile darasani walikuwa wamesoma maneno ya Kiingereza ya kumweleza mtu anayeogopa, na moja lilikuwa limemkaa mdomoni kama pipi: "terrified". Lilikuwa na mngurumo wake, na wanawake wote chumbani walikuwa wamegeuka kumsikiliza. Kwa nini atumie neno dogo na kubwa analo? Akamwambia meneja kwamba mashine ile ilimfanya mama yake awe "terrified".

Meneja alimtazama Mama Kasuku kwa huruma, akampigapiga begani kama anayembembeleza mtoto. Akazungumza taratibu, kisha akaonyesha meza ya kukunjia shuka.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Amesema usiogope, mashine haiumi mtu. Amesema kuanzia kesho uhamie kwenye kukunja. Mashine atashika dada mpya."

Dada mpya alikuwa msichana aliyeajiriwa juzi tu, ambaye hata swichi alikuwa hajazijua. Alikodoa macho. Mama Kasuku alimgeukia binti yake.

"Wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia ulivyosema, mama," Kasuku alijibu huku akiangalia viatu vyake.

Jioni ile sufuria zilioshwa kwa kishindo. "Mashine ile naijua kama jiko langu," mama alisema, akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa. "Leo napigwapigwa bega kama mtoto aliyeota ndoto mbaya. Na yule binti wa watu akapeleke vidole vyake pale? Sikubali. Kesho tutaonana."

Kasuku alifungua daftari lake la Kiingereza, akayasoma upya maneno ya asubuhi.

Siku iliyofuata, kengele ya mapumziko ilipolia, wenzake walitoka nje yeye akabaki. "Mwalimu," alisema, "'worried' na 'terrified', si yote ni kuogopa?"

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mtu wa utani, lakini alipouona uso wa Kasuku aliweka chaki chini. "Mtu akija akaniambia yeye ni 'worried', nitamwuliza nini?"

Kasuku alifikiri. "Utamwuliza ana wasiwasi na nini."

"Naam. Kuna jambo ameliona, na akili yake imetulia. Je, akija aliye 'terrified'?" Mwalimu alijikunyata na kutetemesha mikono mpaka Kasuku akakaribia kucheka. "Huyu simwulizi kitu. Namkalisha, nampa maji. Hofu imeshamteka. Wapo na wengine. 'Scared' ni neno lenu la kila siku, kama unavyomwogopa mbwa wa jirani. 'Frightened' ni yule aliyetokewa na jambo ghafla, moyo ukamruka. Wote wanaogopa, lakini ukiwachanganya utampa maji mtu aliyekuja kukuambia nyumba inaungua. Kwani kuna nini?"

Kasuku alimweleza yote. Hakuficha kwamba neno lile alilichagua ili asifiwe.

"Basi nenda sasa hivi," Mwalimu alisema. "Mwalimu wa zamu nitamweleza mimi."

Alipofika, mashine ilikuwa ikinguruma bila shuka. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya rola, mikono ameikunja kifuani. Nyuma yake wanawake wenzake walisimama vile vile, na dada mpya wamemweka katikati. Mbele yao meneja alikuwa ametokwa na mishipa ya shingo.

"Siondoki," mama alikuwa akisema kwa Kiswahili, neno moja moja. "Anifukuze akitaka. Mtoto wa mtu hapiti hapa."

Ingekuwa rahisi kutafsiri hayo tu na kulinyamazia la jana. Kasuku alipenya katikati yao. Alimwambia meneja kwa Kiingereza kwamba jana alikosea, alichagua neno kubwa ili aonekane anajua. Mama yake hakuwa "terrified" hata kidogo. Alikuwa "worried", na sababu anayo. Kisha akayarudia yote kwa Kiswahili, kila mtu akasikia. Mama alimtupia jicho la kusema tutaongea baadaye.

Meneja alikunja uso. Halafu akauliza, na Kasuku akatafsiri, "Una wasiwasi na nini?"

Mama Kasuku alichukua fagio la mpini mrefu, akausukuma ubao wa kinga kwa ncha ya mpini. Rola hazikusimama. Ziliudaka mpini, zikauvuta, na mti ukapasuka kwa mlio uliowarusha wote nyuma. Meneja alikimbilia swichi kuu, akaizima. Akabaki pale ameshika kifua, akatamka maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anasema sasa yeye ndiye 'frightened'. Moyo umemruka."

"Mpeni kiti," mwanamke mmoja alisema, na kicheko kikapita chumbani. Meneja hakukaa. Alimwendea Mama Kasuku, akampa mkono na kumwomba radhi. Mashine haingewashwa tena mpaka fundi aje kuitengeneza.

"Mwambie sawa," mama alisema. "Mwambie pia, siku nyingine akitaka kunihamisha, aniulize kwanza. Usipunguze, usiongeze."

Kasuku alisema vile vile. Meneja akakubali kwa kichwa.

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata, akabadilisha kifaa kilicholika ndani ya ubao, na Mama Kasuku akairudia mashine yake. Jioni hiyo, njiani kwenda nyumbani, Kasuku alimgeukia mama yake.

"Mama, nisamehe. Nilikufanya uonekane mwoga."

"Kuitwa mwoga hakukuniudhi sana," mama alisema. "Kuogopa si aibu. Siku ya kukuzaa wewe niliogopa mpaka nikataka kurudi nyumbani. Kilichoniudhi ni kwamba ulibeba neno langu ukalibadilisha njiani, na nilipokuuliza ukanidanganya. Neno la mtu ukipewa, lifikishe kwa ukubwa wake. Kama hulijui, sema hulijui. Yule binti angepoteza vidole kwa sababu wewe ulitaka kupendeza."

"Ndiyo, mama."

Walitembea kidogo. "Na jana ulipoingia mbele ya watu wote," mama aliuliza, "ulikuwa nani katika hao waoga wa Kiingereza chenu?"

Kasuku alilitafuta neno lake polepole. "Nilikuwa 'scared', mama. Si 'terrified'. Akili ilikuwepo."

"Vizuri," mama alisema, akamshika mkono wavuke barabara. "Kuogopa uogope, lakini ukweli useme hivyo hivyo."