Kitabu Kilichokataa Kulala

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha Yamaha yake.

Ya pili ilipita karibu na shingo. Alihisi upepo wake.

Sindano aliinamia usukani, akavuta mafuta. Mbele yake, Hilux nyeupe iliyumba kati ya malori ya eneo la maghala. Dereva, mwanamume mwenye tai nyekundu, aliendesha kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa nje ya dirisha, umeshika bastola.

"Sindano, uko wapi?" sauti ya mjomba wake iliuliza sikioni.

"Nyuma yake. Mita themanini."

"Usimwache. Nataka katoni. Mtu mwenyewe hana maana."

"Ananipiga risasi, Mjomba."

"Basi kimbiza zaidi."

Alichomoa Glock yake, akalenga chini. Risasi moja. Gurudumu la nyuma lilipasuka, Hilux ikazunguka nusu duara na kubusu ukuta wa ghala. Kabla mwenye tai hajaitoa miguu yake nje, tayari alikuwa amefungwa pingu kwenye usukani wake mwenyewe.

Alimtazama Sindano kuanzia buti hadi kofia ngumu. "Kumbe ni binti," alisema kwa masikitiko.

"Pole," Sindano alimjibu, akaenda nyuma kuchukua katoni.

Siku sita kabla, mhifadhi wa makumbusho alikuwa amefungua droo moja chini ya jengo na kukuta bati lililopakwa rangi. Mabamba kumi na mawili ya dhahabu hayakuwepo. Kila bamba lilikuwa na upana wa vidole viwili, limechorwa maandishi ya mji uliofukiwa na mchanga maelfu ya miaka iliyopita. Ilikuwa hadithi ya watu wale ya jinsi dunia ilivyoumbwa, na hapakuwa na nakala nyingine popote.

Agizo lilimfikia Sindano kwa njia ya kawaida: kitabu cha maktaba, ukurasa wa tisini, nukta za penseli chini ya herufi. *Yarudishe kabla hayajavuka mpaka. Mjomba ataongoza.*

Mjomba alikuwa mkuu wa operesheni. Alikuwa pia mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Ni yeye aliyegundua kwamba mabamba yangefichwa ndani ya vitabu kwenye maonyesho ya kimataifa ya vitabu, katika kibanda kilichouza vitabu vya staarabu za kale na visaasili vyake, kwa wasomaji wa rika zote. Na asubuhi ile ni yeye aliyemwambia katoni ingetoka kwa mlango wa nyuma saa saba na nusu.

Kila kitu kilikuwa kimetokea kama alivyosema.

Sindano alipasua katoni. Vitabu kumi na viwili, jalada la bluu, piramidi na nyota. Alichukua kimoja, akachomoa kisu chake chembamba na kuchana mgongo. Bamba liling'aa.

"Ninayo," alisema.

Pumzi ndefu ilisikika sikioni. "Safi sana, mwanangu. Yapeleke makumbusho moja kwa moja. Usipitie huku."

Alilikunja bamba kidogo kwa kidole gumba, ili tu alione kwenye mwanga.

Bamba lilijinyoosha lenyewe.

Dhahabu ikikunjwa hubaki imekunjwa. Hii ilikuwa shaba.

Sindano alichuchumaa kando ya katoni. Alivuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kitabu alichokichana. Mtu alikuwa amefumua kitabu kile na kukishona upya kwa mkono, kazi nzuri, mishono iliyolingana. Mwisho wa uzi kulikuwa na fundo dogo lililogeuzwa upande wa kushoto.

Alilijua fundo lile.

Kabla ya kupanda cheo, kwa miaka kumi na moja, mjomba wake alijificha kazini kama fundi wa kujalidi vitabu. Mashine ya kukatia karatasi ilimla ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na tangu hapo mafundo yake yote yaligeukia kushoto. Sindano aliyajifunza akiwa mtoto, kwenye meza ya karakana, na jina lake la kazi lilitoka huko. Mpaka leo alifunga vilevile, ingawa vidole vyake vyote vilikuwa vizima.

Alikitoa kifaa cha sikioni, akakitia mfukoni.

Ndipo akamkumbuka yule mwalimu mstaafu.

Ilikuwa kabla ya saa saba, kwenye kibanda. Sindano alikuwa amesimama kwenye foleni akijifanya mnunuzi, na mbele yake bibi mmoja mwenye miwani mikubwa alikuwa akimfokea muuzaji kwa upole wa kialimu. Kitabu alichouziwa kilikataa kulala. Ukikifungua mezani, kinajifunga. Amefundisha miaka thelathini na nane, alisema, na hajawahi kushindwa kumkalisha mtu, sembuse kitabu. Tena ameshamwandikia mjukuu wake humo ndani. Watu walicheka. Muuzaji hakucheka. Alikipokonya kitabu, akakiweka chini ya meza kwenye rundo lililofungwa utepe, akampa bibi kingine bila kumtazama.

Kwenye utepe kulikuwa na kadi. *Zawadi kwa Mgeni Rasmi.* Kitabu kilichofichwa dhahabu mgongoni hakiwezi kulala.

Mgeni rasmi alikuwa mwanadiplomasia. Mzigo wake haufunguliwi na mtu yeyote, kwenye mpaka wowote. Na zawadi ingekabidhiwa saa tisa alasiri, jukwaani, na Mjomba, aliyejitolea mwenyewe kuiwasilisha kwa niaba ya wapenzi wa vitabu.

Sindano alitazama Casio yake. Saa nane na dakika nne.

Alitoa Nokia ndogo ya dharura na kubonyeza namba ya makao makuu, ambayo mawakala wote waliiita Mnara.

"Mnara. Mwenye tai yuko ghala la nane, amefungwa pingu. Mchukueni. Msimwambie Mjomba."

"Rudia hilo la mwisho."

"Msimwambie Mjomba."

"Una hakika?"

"Natamani ningekuwa sina."

Alirudisha kile kitabu kilichochanwa kwenye katoni, akajaza vyote begini, akaondoka.

Chumba cha zawadi kilikuwa nyuma ya jukwaa. Meza moja, viti viwili, kioo, sanduku la mbao lenye utepe. Kufuli lilimchukua sekunde tisa.

Alivitoa vitabu vya sandukuni kimoja kimoja. Vilikuwa vizito mno kwa ukubwa wake. Cha saba kilikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa kwanza: *Kwa mjukuu wangu wa mwisho. Soma polepole. Bibi.*

Alipomaliza kazi yake, alifunga utepe na kukaa.

Mjomba aliingia saa tisa kasoro dakika kumi, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'arishwa.

"Shikamoo, Mjomba."

Kila siku aliitikia, *Marahaba, Sindano yangu.* Leo alitazama mlango, kisha sanduku.

"Nilikwambia uende makumbusho."

"Nimepitia hapa kwanza."

Mjomba alilifuata sanduku, akaliinua ili aende nalo, na akasimama hapohapo, limeinuka nusu. Mikono yake ilikuwa imepima vitabu maisha yake yote.

"Ni jepesi," alisema.

"Ni shaba yako. Nimekurudishia."

Alilishusha polepole. Sindano alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kama angesema amesingiziwa, kama angesema ni mtego wake wa siri, huenda Sindano angemsaidia kuupanga uongo wenyewe vizuri. Lakini mzee alivuta kiti akaketi, akaanza kueleza. Mabamba yalilala kwenye droo miaka thelathini chini ya paa linalovuja. Hakuna aliyeyaulizia. Kwa huyu mgeni yangewekwa kwenye kioo, yamulikwe taa, watu wayaone. Alieleza vizuri. Siku zote alikuwa msomaji mzuri. Ndivyo alivyomsomea zamani ile hadithi ya wafu wanaopimwa mioyo kwenye mizani dhidi ya unyoya, huku mnyama akisubiri chini, hadi Sindano akaingia chini ya blanketi.

"Na mimi?" Sindano aliuliza.

"Nilikutuma mbali ili usiwepo. Nilikuwa nakulinda."

"Yule mtu alinipiga risasi, Mjomba."

"Aliambiwa apige hewani."

"Alipiga usawa wa shingo. Na wewe ulikuwa sikioni mwangu, unaniambia nikimbize zaidi."

Mjomba alisugua kile kidole kisicho na ncha. Sindano aliona kwamba mpaka dakika ile hakuwa ametafuta jibu la swali hilo.

Sindano aliigeuza Nokia iliyokuwa juu ya meza. Skrini yake ilikuwa inawaka.

"Mnara?"

"Tumesikia yote," simu ilijibu. "Tukimgusa mgeni ni kashfa. Aondoke na zawadi yake. Maafisa wawili wako mlangoni."

Sindano alisimama, akaunyoosha utepe uliokuwa umelegea.

"Chukua sanduku, Mjomba. Wanakusubiri."

"Akifungua atajua. Atawatuma watu wanitafute."

"Watakukuta kwetu, nyuma ya milango minne." Alimfungulia mlango. "Nakulinda."

Saa tisa kamili mjomba wake alipanda jukwaani na sanduku. Alisema maneno machache kuhusu watu wa kale na vitabu vinavyowafanya waendelee kuzungumza nasi. Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akatabasamu kwa kamera zote.

Mjomba aliposhuka, maafisa walimpokea kila mmoja upande wake, kama watu wanaomsaidia mzee kwenye ngazi.

"Ulijuaje?" alimuuliza Sindano alipompita.

"Fundo."

Mjomba alitazama mkono wake. "Ningefunga kulia."

"Usingeweza."

Walimpeleka kwa mlango wa pembeni. Hakugeuka. Sindano alisubiri kuona kama angegeuka.

Mhifadhi wa makumbusho alikuja na glavu nyeupe, akatoa mabamba kumi na mawili, akalia kidogo, akaomba radhi kwa kulia. Vitabu vilivyofumuliwa vilibaki kwenye meza. Sindano alichukua kile chenye mwandiko wa wino.

Alimkuta mwalimu mstaafu kwenye ngazi za nje, anangoja usafiri, amepakata kile kitabu kingine bila furaha.

"Bibi, kitabu chako. Kimefumuka, lakini naweza kukishona sasa hivi."

"Wewe ni fundi?"

"Nilifundishwa."

Aliketi kando yake, akatoa sindano na uzi uliopakwa nta. Alishona kimyakimya, mshono baada ya mshono. Mwishoni mkono wake ulikwenda kushoto wenyewe.

Alikata uzi. Akaanza tena.

Mara ya pili pia ulikwenda kushoto. Bibi alitazama. Mara ya tatu aliubana mkono kwenye goti na kulipeleka fundo kulia.

Alikifungua kitabu katikati, kwenye picha ya mizani na unyoya, akakiweka juu ya ngazi. Kilibaki wazi.

"Kimelala," bibi alisema. Akainama, akasogeza miwani. "Ila hilo fundo lako, mwanangu, ni baya kweli."

"Ndiyo, bibi. Ndiyo kwanza najifunza."

Alivaa kofia ngumu, akawasha Yamaha, akaingia barabarani kwa mwendo wa kawaida. Kila baada ya muda aligeuza kichwa kutazama nyuma, kwa sababu kioo cha pembeni hakikuwepo tena.