Kurasa Zilizolambwa

Umewahi kushika kitabu ukakuta kimelambwa?

Sisemi kulowa. Kulambwa: mate mazito ya manjano, yananuka jino bovu. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyakuta Jumamosi asubuhi kwenye kitabu kipya cha mumewe mhadhiri, kile cha jiometri ambacho kingempa uprofesa wiki ijayo. Kurasa zote mia mbili, kila moja imelambwa pembeni. Akamshuku binti yao wa miaka minne, Kifaranga. Akafuta huku kabana pua.

Mchana, akitafuta mazoezi ya wanafunzi wake, akagundua mtandaoni maktaba ya vitabu vya kale vya hesabu, kusoma bure kabisa. Akafurahi kama mtoto aliyeachiwa kopo la sukari. Akafungua kimoja cha jiometri, cha miaka mia iliyopita. Aliyekipiga picha alisahau kidole gumba pembeni: ukucha mweusi, ngozi imevimba kama ya maiti aliyeopolewa kisimani. Ukurasa wa kumi, kidole. Wa ishirini, kidole, kimesogea. Wa thelathini kilikuwa kimelowa, na kioo cha kompyuta kikaanza kuchuruzika ute.

Hapo ndipo alipoliona swali la kumi na nne. Jibu lilikosewa, na kosa lile lile, tarakimu kwa tarakimu, lilikuwa kwenye kitabu cha mumewe.

“Baba Kifaranga, hiki umewahi kukiona?”

“Mke wangu, hesabu ni zile zile dunia nzima.”

“Na makosa nayo?”

Kifaranga akapiga yowe chumbani. Wakamkuta ameketi sakafuni, shavu lote linateleza kwa mate ya manjano, na ukingo wa sikio lake umebanwa na kidole kisichoonekana, unainuliwa taratibu, taratibu, kama mtu ainuavyo ukurasa anaotaka kuufunua, ngozi ya shavu ikianza kufuata, na juu yake sauti iliyojaa makohozi ikiuliza:

“Kitabu cha nani?”

“Changu,” mhadhiri akanong’ona, kwa mazoea.

Ngozi ikachanika nyuma ya sikio. Damu.

“Wewe mwanamume!” mkewe akamkaripia kwa sauti ya chini. “Hata sasa unautaka uprofesa?”

Mhadhiri akapiga magoti katikati ya ute.

“Chako,” akaijibu ile sauti. “Nilikinakili chote, nikafuta jina lako, nikaweka langu. Hata kukisoma sikukisoma.”