Mkasi wa Mama Mkwe na Nyaya za Mgongo Wangu

Nilimkuta mama mkwe chumbani kwangu, mkasi mkononi... anakata nyaya za mashine yangu!

"Mama! Unafanya nini?!"

"Naukata uchawi wako. Nataka mjukuu mie!"



Tangu nianguke na bodaboda pale Bunju, mgongo wangu hauna amani. Dawa nilimeza mpaka tumbo likakataa. Ndipo daktari wa viungo akanipa kile kimashine. Unabandika vipande kiunoni, unawasha, umeme mdogo unatekenya mishipa, maumivu yanapoa. Hakiponyi, lakini angalau nainama, nachota maji, nalala.

Sasa nyaya ziko vipande vipande sakafuni!

"Nani kakwambia kinazuia mimba?"

"Mumeo! Kasema kila ukikiwasha kinaunguza mimba!"

Faraji?! Huyuhuyu anayenibandikia mgongoni kwa mkono wake?!

Akaingia muda huohuo, anapiga mluzi. Alipouona mkasi, mluzi ukakatika.

"Faraji, mwambie mama alichotuambia daktari wa uzazi. Sema mwenyewe, au niseme mie!"

"Mke wangu, yaishe basi... tutaongea chumbani."

"Chumba gani? Si ndo hiki!"

Nyie, nilimsitiri huyu mwanaume! Kwenye shughuli wananiita mgumba nasikia, nacheka, naendelea kupakua pilau. Mume anasitiriwa, ndivyo nilivyofundwa. Kumbe mwenzangu kaenda kunichongea kwa mama yake!

Akainamisha kichwa.

"Mama... tatizo ni langu. Mie ndo sina mbegu."



Nilijua mama atamtetea. Mtoto wake wa pekee! Mama akaweka mkasi kitandani, akatoka uani, akarudi na ndoo zangu mbili... akazitupa miguuni kwa Faraji.

"Kachote maji. Na upite barabarani, watu wakuone. Wakikuuliza mkeo yuko wapi, waambie mama yangu anamkanda mgongo."

Faraji akazibeba, akatoka.

Mama akanigeukia, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, Mwanakombo. Lala kifudifudi, mwanangu."

Nikalala. Mama nimemsamehe. Faraji bado, tena nyaya mpya atazitafuta yeye!

Dada zangu, stara ni ya watu wawili. Ukiona unamsitiri mwenzio na yeye anakuvua nguo mbele za watu, itue hiyo ndoo. Aibebe mwenyewe!