Mama Mkubwa wa Mahameli

Kuna mtu alikuwa akiipapasa ile picha, na Eliwaza alikuwa na hakika kwamba ni mume wake.

Tumainieli alirudi kijijini Suji kutoka vita vya Burma na mabuti mazuri, kikohozi, na picha aliyoinunua bandarini Bombei: mwanamke aliyeshika taa, amechorwa kwa rangi kali juu ya mahameli nyeusi. Midomo myekundu kupita kiasi, bangili hadi viwikoni, chozi moja nono shavuni. Mchoraji, kwa uvivu au kwa ujanja, hakulichora giza. Alikiacha kitambaa chenyewe kiwe giza. Majirani walikuja kuitazama, wakaisifu, wakamaliza chai yote.

Kila asubuhi Eliwaza aliyalaza manyoya ya mahameli kwa kitambaa kikavu. Kila jioni aliyakuta yamevurugwa kando ya ule uso, alama ya vidole vya mtu mzima. Esta, binti yao wa pekee, hakufika pale hata akipanda kiti.

"Baba Esta, unamshikashika huyu mwanamke?"

"Nishikeshike picha, nina wazimu? Wewe ndiye unayeifuta mpaka itachubuka."

Alicheka, lakini alikwepa macho ya mkewe, na Eliwaza akaliweka hilo moyoni. Mwanamume aliyekaa ng'ambo muda mrefu hivyo ana mengi asiyoyasema.

Asubuhi moja ya ukungu, baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, lililia, wanaume wote wakaenda kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Eliwaza alikuwa jikoni akichambua maharage ya makande. Akamsikia Esta sebuleni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Eliwaza aliacha maharage. Hakuwa na dada mkubwa. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza kwao. Akaenda, akamkuta mtoto amesimama mbele ya picha, mikono nyuma, kwa adabu zote.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba. Kasema huyu ni dada yako, nimwamkie kila siku."

Jioni walinong'onezana kwa hasira ili mtoto asisikie. Tumainieli aliapa kwamba ulikuwa utani tu. Eliwaza hakuamini hata kidogo. Alidhani mtoto anazoeshwa mwanamke mwingine, na wivu ulimchoma.

Kesho yake, wanaume wakiwa bado ndivani, alijibanza nyuma ya mlango. Esta aliamkia kama kawaida, kisha ikaja harufu ya udi, ambao hakuna mtu aliyeufukiza katika nyumba ile, ikazidi mpaka ikajaa sebule nzima, na ndani ya harufu hiyo ikatoka sauti nzito ya mwanamke, sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, ikasema, "Marahaba, mwanangu, umekua sasa, nitakuja kukuchukua nikulee," na Eliwaza aliposukuma mlango aliona kitambaa kimefura kwa mbele, kinasukumwa na kiganja kutoka upande wa ukutani, ambako hakukuwa na kitu ila tofali na udongo.

Alimnyakua mtoto, akampeleka kwa jirani, akamwagiza akae naye mpaka baba yake atoke ndivani. Hakumwambia mumewe neno. Alishuka Makanya kwa miguu, akapanda lori mpaka Same, kwa Mwanahalima, bikizee muuza udi aliyejulikana kwa kuzungumza na majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema."

Eliwaza alisema yote. Bibi alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kwenu, dada mkubwa akimtaka mtoto wa mdogo wake akamlee, hunyimwa?"

"Hanyimwi, bibi."

"Basi. Mumempa jini undugu kwa mdomo wa mtoto, naye anadai haki yake."

"Sasa nifanyeje?" Eliwaza alikuwa akilia.

"Mtoto mwenyewe asimame mbele yake, amkane. Aseme, wewe si ndugu yetu. Kisha hiyo picha ifunge kwa shuka, uniletee. Lakini musiichome! Mukimvunjia nyumba kabla hajakanwa, atahamia kwa ndugu."

Eliwaza alilala Same kwa kukosa lori. Kesho yake alipanda mlima karibu mbio, na alipofika uani alimwona Tumainieli ameegemea jembe, anatabasamu. Miguuni pake palikuwa na majivu.

"Nimemchoma mwenzio," alisema kwa upole. "Nilijua umekimbia kwa ajili yake. Nisamehe, mama Esta. Picha haiwezi kunikosesha mke."

Hakuwa na wivu tena wala hasira, ila hofu tupu.

"Esta yuko wapi?"

"Kalala tangu niichome. Kachoka na moshi."

Aliingia chumbani, na mlangoni tu alikutana na harufu ya udi, nzito kuliko siku zote, akajiambia ni moshi wa ile picha umeingia humo ndani, akasogea mpaka kitandani, ambako Esta alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anamtazama mama yake bila kuinuka na bila kusema lolote.

"Esta," Eliwaza alinong'ona. "Mwanangu. Huniamkii?"

Mtoto akanyoosha mkono, akampapasa mama yake kando ya uso, taratibu.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti nzito, "wewe ndiye hujaniamkia."